Kilimi cha Mama

Sisi watu wa Bungulu, mtaa wa Beni, hatuwezi hata kukimbia vita bila rais. Miaka ile makundi ya askari yalipokuwa yakipokezana mji wa Beni, wanaume wa avenyu yetu waliunda komite ya kujificha: rais, makamu wake, mshauri, na wanawake wa kubeba masufuria. Rais alikuwa mzee wa kanisa letu. Kazi yake ilikuwa kutuongoza hadi shamba la kahawa nje ya mji risasi zikianza kulia, na aliifanya vizuri sana, kwa kukimbia mbele yetu sote.

Tatizo la komite lilikuwa mama yangu. Alikuwa ameugua homa ya mapafu. Homa ikaisha, kikohozi kikabaki. Walimpima kifua kikuu, hawakukiona. Moshi kidogo wa kuni, hewa ya baridi, hata kicheko, vilitosha kumwanzisha. Siku moja shambani alijiziba mdomo kwa kitenge hadi machozi yakamtoka, na bado akakohoa. Askari waliokuwa wakipita barabarani walisimama, wakasikiliza, kisha wakaendelea na safari yao.

Komite ikakutana bila kumwita. Rais akaja kwetu baada ya ibada, amevaa koti lake la Pasaka, akatukumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Maradhi gani yaliyofichwa, wakati avenyu nzima ilikuwa ikiyasikia? Kisha akatoa hukumu.

"Mama, ni kilimi njo inakukohosha. Imekuwa murefu. Ukatishe. Kama hapana, hatutakimbia na weye tena."

Kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwetu ndicho hulaumiwa kwa kila kikohozi. Mama alikubali, maana mwanamke na watoto wake peke yao porini wakati ule walikuwa mali ya yeyote mwenye bunduki. Mzee mmoja akamkata kwa kisu kidogo kilichopinda, na rais akishika taa. Kwa muda mrefu chai aliyokunywa ilimtokea puani. Kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Mtu mwenye aibu angenyamaza. Rais wetu alipata sababu mpya: kiburi. Mama anakohoa kwa ukaidi, rais akasema, kwa hiyo aombe msamaha mbele ya kanisa kwa kuhatarisha watoto wa wenzake. Mama akasimama, akaomba, akakohoa katikati ya kuomba, na wale wacha Mungu wakaguna. Nilitamani paa liwaangukie. Basi wakamruhusu kukimbia nao, ila akae mbali, ng'ambo ya kijito. Nilikaa naye huko, na tulimwomba Mungu upepo uvume ili majani ya kahawa yapige kelele.

Vita vilipopoa tulihamia Butembo, ambako baridi ilimzidishia. Huko ndiko daktari mmoja alikomwuliza maswali na kungoja majibu. Alimwingizia chombo sikioni kuangalia, na papo hapo mama akakohoa. Daktari akatabasamu kama mtu aliyepata ufunguo wake. Akatueleza kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi dogo sikioni; kwamba baada ya ile homa mshipa ule ulibaki mkali kupita kiasi, na kila ukiguswa na hewa tu huupelekea ubongo habari kwamba mtu anapaliwa. Ubongo huamuru kikohozi. Mtu anaweza kukizuia kidogo, kisha kinamshinda, awe mcha Mungu au asiwe. Akamfundisha kumeza mate na kuvuta pumzi polepole kwa pua anapohisi mwasho, akampa na dawa ya kutuliza mshipa.

"Njo kusema haikukuwa kilimi?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kilimi haikukuwa na kosa. Na weye pia haukukuwa na kosa."

Mama akajifunga kitenge upya na kuniambia tutafute gari la kuteremka Beni. Daktari akamwuliza anafuata nini huko, na dawa ameshapata.

"Ninakwenda kanisani," alisema. "Barudishe ile musamaha niliomba."