Meli Mbili na Kuni za Matanga

Ule mlio bado uko masikioni mwangu. Kraa, halafu kimya.

Shangazi yangu wa ughaibuni atanipeleka kaskazini kwa meli, tukaone milima ya barafu. Alitaka nichague kampuni leo kabla ya saa sita.

Moja ina meli kubwa inayotazama barafu kwa mbali. Nyingine ina meli ndogo inayosogea hadi chini ya ukuta wa barafu. Mnanijua. Moyo ulishachagua ndogo.

Nikawa natazama video yake hapa nyumbani Adungosi, nyanya akimenya njugu kando yangu.

Barafu ikapasuka. Nyanya akainua kichwa.

"Nani anapasua kuni za matanga?"

Nyanya hasikii, jamani. Hata honi za malori ya Malaba hazisikii.

Nikamwambia sikioni, kwa nguvu, "Ni barafu, nyanya."

"Hiyo ni shoka, mama. Nimepika kwenye matanga mengi."

Nikaweka video ya meli kubwa, sauti juu kabisa. Hakugeuka.

Nikarudisha ile ndogo. Akasimama, akajifunga leso kiunoni.

"Twende basi. Ni kwa nani?"

Semeni ninaogopa bure, nitasoma yote. Shangazi nimeshamwandikia aweke jina langu kwenye meli kubwa, na ameliweka.