Tyubu Kiunoni, Miguu Juu

Kuna picha moja ambayo ningeichoma leo hii kama ingekuwa mikononi mwangu, lakini iko Kariokor, imegongomewa msumari mahali ambapo kila anayenunua akala, vile viatu vya tairi, lazima aione, na kwa kuwa wengi wenu mmeshaiona na kuicheka bila kujua ni nani, heri niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na mtu atakayeongeza chumvi. Katika picha hiyo hakuna uso. Kuna bahari iliyochafuka, kuna mvua, na kuna miguu miwili iliyosimama juu ya maji kama miche ya sukumawiki. Miguu hiyo ni yangu.

Mnanijua, mimi si mtu wa maneno. Tangu nimalize darasa la nane nikawa nashinda tu nyumbani Makongeni (baba alikuwa bado ana kazi ya reli, kwa hiyo nyumba tulikuwa nayo), na mtu akinisemesha ghafla, jibu hunikwama hapa kooni, basi mimi huitikia kwa kichwa tu, yeye huridhika akaenda zake nami nikabaki na amani. Nilikuwa nimeishi hivyo miaka mingi bila hasara yoyote, mpaka Jumapili ile nje ya kanisa.

Mutiso wa Donholm alikuwa na gari lake, Nissan kuukuu, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka pwani vijana wa kizungu, wale wa mabegi makubwa mgongoni wasiolala hotelini, wanaolala kwenye mahema na kupanda mashua ya tanga kwenda kutazama samaki chini ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia. Alikuwa anatafuta msaidizi. Mama alikuwa amenitafutia kazi kwa kila mtu mwenye gari au duka, kwa hiyo aliposikia hivyo alinivuta kwa mkono wa shati kama mtoto wa chekechea.

"Sasa kijana," Mutiso akaniambia, huku akinipima kutoka juu hadi chini. "Ninyi si ni watu wa ziwani? Basi kuogelea kwako ni kama kutembea."

"Huyu?" mama akadakia. "Huyu ni samaki kabisa!"

Wote wawili wakanigeukia. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Ngoja niwaambie ukweli. Nilizaliwa hapa hapa Makongeni. Ziwa nililiona nilipopelekwa kwenye matanga, na binamu zangu waliponiambia habari za mamba nilikaa jikoni na akina nyanya mpaka siku ya kurudi Nairobi. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya karai. Lakini mama alikuwa amesimama pale akitabasamu vile, na Mutiso alishasema, "Basi Jumatano tunaondoka," na mimi ningeanzia wapi?

Kabla jua halijatua, safu nzima ya nyumba zetu ilikuwa imepata habari kwamba Wandera amepata kazi ya bahari. Jumatatu akina mama wa kanisa walikuja kuniombea safari, kama ilivyo desturi, wakajaa sebuleni na sahani za mandazi magotini, na mmoja wao akaomba kwa sauti kubwa, "Asante Bwana kwa kuwa ulimpa kijana huyu mapezi." Mama akaitikia "Amina" mpaka vikombe vikatetemeka. Mimi nilikuwa nimefumba macho najiona nikizama. Nilipofumbua, mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya leso, na nikajua kwamba nikisema sasa, si kazi tu itakayopotea, mama hataweza kupita mbele ya wanawake wale tena.

Basi nikafikiria, nikapata wazo ambalo naona lingemjia mtu wa mitaa yetu ya Eastlands peke yake. Pale Kariokor kuna fundi wa akala anaitwa Kioko, naye hana tairi pekee, ana tyubu pia za kila aina. Mtoto yeyote wa mtaa wetu aliyewahi kucheza kwenye dimbwi wakati wa mvua anajua kwamba tyubu iliyojaa upepo haizami. Nikasema, nitengenezewe mshipi wa tyubu, niuvae ndani ya sweta, nani atajua?

Kioko alikuwa ananikatia akala mpya (mama alisisitiza nisiende pwani na viatu vya shule). Nikamwonyesha tyubu ya pikipiki, nikashika kiuno changu.

"Unataka mshipi?"

Nikaitikia.

"Wa upepo ndani? Ah, nimekuelewa. Ni wa mgongo! Safari ndefu ya gari, mgongo unauma. Si ndiyo?"

Jamani, ningesema tu neno moja. Ningesema "maji." Lakini kulikuwa na wateja wengine wamesimama hapo, wasichana wawili. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi wa mgongo haukai juu," Kioko akasema kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, "unakaa chini, kwenye nyonga. Nitakutengenezea vizuri." Akakata, akaunganisha kwa gundi, akaweka vifungo vya mpira, na akaacha ile pua ya kutilia upepo itokeze kwa mbele kama kitovu. Akala nazo akazifunga kisigino kwa mikanda miwili. "Hizi hazivuki mguuni," akaniambia. "Hata ukimbizwe na fisi."

Tukasafiri. Watalii walikuwa wawili tu, Piter, kijana mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi, na rafiki yake Ana, msichana wa kucheka-cheka, mwenye kamera ndogo ya plastiki ambayo ilikuwa inapiga picha hata ndani ya maji. Njia nzima niliwapikia, nikawakunjia mahema, na kwa kweli kazi ile niliipenda sana. Chapati zangu walizila na chai, na sukari, na samaki, na bila kitu. Usiku nilikuwa naomba Mungu alete mvua pwani ili wasiingie baharini.

Mvua aliileta. Ilinyesha siku mbili, mahema yakaloa, mabegi yakaloa, wageni wakakaa wamekunja magoti wakitazama maji ya kijivu, na mimi nikamshukuru Mungu kimyakimya. Lakini siku ya mwisho mvua ikapungua kidogo, na Piter akasema hawakutoka kwao kuja kutazama turubai.

Nahodha wa mashua, Bakari, alitazama mawingu akaguna.

"Bahari imechafuka," akamwambia Mutiso. "Na yule kijana wangu wa kupiga mbizi hakuja leo, ana homa. Mimi sitoki bila mtu wa kuingia majini. Mgeni akipatwa na jambo, nani atamfuata?"

"Huyu hapa," Mutiso akasema, akanipiga begani. "Mtu wa ziwani."

Bakari akanikazia macho. "Wajua kuogelea weye?"

Hapo, rafiki zangu, ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema hapana, safari ingevunjika, watu wote wangekunywa chai. Lakini Piter na Ana walikuwa wananitazama kama watoto wanaosubiri kupigiwa kengele, na Mutiso mkono wake ulikuwa bado begani mwangu. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikakimbilia chooni na pampu ya baiskeli niliyoazima kwa mlinzi wa kambi.

Niliporudi Mutiso alinitazama. "Kijana, umenenepa lini?"

"Chapati," nikasema, na hilo lilikuwa neno langu pekee asubuhi hiyo.

Tukatoka. Upepo ulikuwa unakuja kwa vipande, unatulia kidogo kisha unapiga tanga kofi, na mashua inalala upande, na mimi nashika mlingoti kwa mikono miwili nikijifanya nautengeneza. Tulipofika kwenye mwamba wa matumbawe Bakari akatia nanga, Piter na Ana wakavaa miwani na mirija yao, wakajitupa. Mimi nikabaki nawahesabu vichwa, kimoja, viwili, kimoja, viwili, na kila wimbi lilipoficha kimoja moyo wangu ulisimama. Halafu mvua ikarudi yote kwa pamoja. Piter alikuwa karibu, lakini Ana alikuwa ametupwa mbali kidogo, akainua mkono.

"Wandera!" Mutiso akapiga kelele. "Mpelekee kamba! Haraka!"

Akanitia kamba mkononi. Nikamtazama Bakari, Bakari akanitazama. Nikasimama ukingoni, nikakumbuka mama na mandazi na mapezi, nikajiambia tyubu haizami, tyubu haizami, nikaruka.

Na tyubu kweli haikuzama. Kioko ni fundi. Shida ni kwamba tyubu ya mgongo hukaa kwenye nyonga, na nilipogonga maji ikateremka mpaka mapajani, ikakwama pale, ikapanda juu kama ilivyoumbwa kufanya, nasi wengine wote, yaani tumbo, kifua na kichwa, tukaenda chini. Nikawa nimesimama baharini kichwa chini miguu juu, sweta limenifunika uso, maji ya chumvi yanaingia puani, na nikipiga mikono nazunguka tu pale pale kama pia. Sijawahi kuogopa vile. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, nilitikisa kichwa kusema hapana, nikatikisa kwa nguvu zangu zote, lakini kichwa kilikuwa chini ya maji na hakuna aliyekiona.

Kumbe Ana hakuwa anazama. Alikuwa ameinua mkono kuwaita waje waone kobe wa baharini. Aliponiona nimesimama miguu juu alidhani ni mchezo wa watu wa ziwani, na akafanya alichofanya, akanipiga picha. Piter ndiye aliyeelewa kwanza. Akaja, akanigeuza, na Bakari akaninasa kwa upondo, ule mti wake wa kusukumia mashua, kwenye ule mshipi na kunivuta mpaka ndani ya mashua, ambako nililala sakafuni nikitapika bahari, na tyubu ikaanza kutoa upepo taratibu, ssss, mbele ya watu wote. Ana alipoelewa alilia. Bakari yeye, tulipofika nchi kavu, akaokota mshipi, akaugeuza-geuza.

"Ziwa lenu," akasema, "lina maji kweli?"

Mutiso akatuendesha mpaka Donholm. Huko ndipo akazima gari, akanigeukia.

"Wandera, ungekufa. Ungekufa, na mimi ningemwambia nini mama yako? Pale kanisani nilikuwa napiga soga tu! Kila mtu wa ziwani namwambia hivyo. Mimi nilitaka mtu wa kupika."

Nikafika nyumbani. Mama alikuwa mlangoni na majirani wawili. "Uliogelea, mwanangu?" Na mimi (mnicheke tu) nikaitikia kwa kichwa.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini Ana alimtumia Mutiso picha, Mutiso akamwonyesha Kioko kwa kuwa ni mtu wa kwao, na Kioko hakuona kijana anayekufa, aliona akala zake, nyayo zote mbili wazi, mikanda imeshika. Akaiomba, akaigongomea kwenye kibanda chake. Na Jumamosi moja mama akasema nimsindikize Kariokor na akina mama wa kanisa kununua vikapu, na sikupata njia ya kukataa.

Mama ndiye aliyeiona kwanza. Chini yake kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, HATA BAHARI HAIZIVUI. Akacheka mpaka akashika meza.

"Kioko, huyu mjinga ni nani?"

"Simtaji, mama," Kioko akasema, akijitahidi asinitazame. "Ni kijana mmoja tu. Alikuwa na shida ya mgongo."

Wale wanawake wakacheka, mama akacheka nao, akajipangusa macho, na macho yake yakateremka kutoka kwenye picha mpaka chini, kwenye miguu yangu. Akala zile zile. Mikanda miwili kisigino. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

"Wandera. Ni wewe?"

Nilihisi shingo inaanza kuinama yenyewe kama ilivyozoea. Nikaizuia.

"Ni mimi, mama," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, soko zima likasikia. "Sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Yule aliyeomba habari ya mapezi akafunika mdomo kwa kiganja. Mimi nikangoja nione aibu ikimpanda mama. Badala yake akanishika mkono wa shati, ule ule alionivuta nao kanisani, akanisogeza karibu yake.

"Hata mimi sijui," akawaambia wenzake. "Nimekulia pale ukingoni mwa ziwa, na sijui. Sasa tununue vikapu."

Tangu hapo nimejiapia kwamba swali la mdomo nitalijibu kwa mdomo, hata kama linachukua muda, na wanaonijua wanangoja. Wiki iliyopita Mutiso alisimamisha gari mbele ya nyumba yetu, akatoa kichwa dirishani, akaniambia ana wageni wanaotaka kupanda mlima, na huko juu ni baridi na ukungu.

"Unajua kupanda mlima?"

"Sijui," nikasema.

"Na chapati?"

Hapo nikaitikia kwa kichwa.