Kipepeo Asiye na Unga

Mume wangu alipofariki Gitega, niliondoka Nyamugari, mtaa wetu wa pale uliojua hata kikohozi changu, nikapanga chumba Muyinga, mji mwingine wa Burundi. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda, na Mkongomani akifungua mdomo tu, keshajulikana. Basi nikaufunga. Sokoni nilionyesha nyanya kwa kidole. Nilifuma vitambaa vya meza, kazi isiyo na kelele, na mwenye nyumba akawa ananiuzia.

Nyuma ya chumba palikuwa na mibuni, na hapo nilimwona kipepeo ambaye sikuwahi kumwona Gitega. Mabawa yake ya mbele yalikuwa wazi kama kioo cha taa, hayana ule unga unaobaki vidoleni. Akitua, unaliona jani lililo nyuma yake, yeye humwoni. Siku moja ndege alitua tawi lilelile, akageuza kichwa huku na huku, akaenda zake na njaa yake. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia, dada, tumesoma shule moja. Mimi nina majivuno hata katika kujificha.

Ramadhani ikaingia. Kule Nyamugari jirani yangu Mwislamu alinipitishia futari kila magharibi, mimi Mkristo, na nikichelewa kupokea ananigombeza kutoka upande wa pili wa ua. Muyinga pia sahani zilitembea nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza hazikufika kwangu, nikasema wamesahau. Siku zilizofuata nilipika maharage mapema, maana sahani ya jirani hairudi tupu, nikakaa karibu na mlango. Nilikuwa na hamu ya mtu kuliko ya chakula.

Jioni moja uvumilivu uliniishia. Niliposikia kandambili uani nikafungua. Mama wa nyumba ya pili alishtuka, sinia la sahani za futari mkononi.

"Kumbe iko mtu humu? Sisi tulijua chumba iko vide, haina mtu."

"Mi niko hapa tangu mvua ya kwanza, mama."

"Pole, mama. Hizi ziko na wenyewe. Kesho tutakuwekea."

Sauti yangu ilitoka na Kivu nzima, kwetu Kongo, ndani yake, wala hakuuliza natoka wapi. Hilo ndilo liliniuma. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa akinitafuta, si kwa ubaya, si kwa wema. Nilimjibu haina neno, nikafunga mlango, nikala yale maharage nimesimama.