Komeo na Ghala la Mtu Mmoja

Mtaa mzima ulimwita Komeo. Kazi yake ilikuwa makufuli, vitasa na funguo, na mdomo wake nao ulikuwa umefungwa vivyo hivyo. Ukimsalimu, anaitikia. Ukimuuliza habari, anajibu "nzuri," na mazungumzo yameshakwisha. Hakuwa mkorofi, la. Alikuwa mtu wa zake tu, mgane wa miaka sita, na binti yake wa pekee ameolewa mbali.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ghala alilolijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Mlango ulikuwa wa chuma, una makomeo matatu kwa ndani. Humo mlikuwa na mapipa manne ya maji, magunia ya mchele na maharage, mafuta ya taa, betri, bandeji, na viberiti vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki. Chakula cha mtu mmoja, miezi minane.

Alikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma, walipokuwa wakiishi bondeni, mto ulifurika. Yeye na mkewe walikimbilia nyumba ya ghorofa mtaa wa pili, wakagonga geti mpaka mikono ikawauma. Watu walikuwemo, aliwaona wakichungulia dirishani. Hakuna aliyefungua. Wakashinda kutwa nzima juu ya paa la choo, mkewe akitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Siku ile Komeo alikula yamini: hatagonga tena mlango wa mtu.

"Mtegemea cha nduguye hufa maskini," alikuwa akimwambia binti yake kwenye simu.

Ukuta wa ghala ulipakana na chumba cha jirani yake, mama mmoja mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ya umeme ilinguruma tangu asubuhi. Mama huyu hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka.

"Fundi, Jumamosi tunazibua mtaro. Utakuja?"

"Mtaro wa mbele ya kwangu nimeshauzibua."

"Haya. Basi uyaambie maji yako yasipite kwangu."

Jumanne moja asubuhi Komeo aliingia ghalani, akajifungia kwa ndani kama kawaida yake, asije mtu akaona ana nini. Alipanda kigoda kushusha dumu la mafuta. Kigoda kikateleza. Alisikia mlio mkavu kabla hajasikia maumivu, na alipotazama chini, mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Simu ilikuwa mezani jikoni, inachajiwa. Alijaribu kujikokota hadi mlangoni, akaona nyota mchana kweupe. Aliita. Sauti yake ilimezwa na ngurumo ya cherehani ng'ambo ya ukuta. Basi akalala pale sakafuni, na kwa kuwa alikuwa chini, akaona ambayo hakuwahi kuyaona akiwa amesimama. Chini ya gunia la maharage palikuwa na rundo la unga. Wadudu walikuwa wameyabungua siku nyingi. Pipa moja lilikuwa linavuja taratibu kwenye mshono. Akiba haiozi, husema watu. Yake ilikuwa imeoza, naye mwenyewe amelala kando yake.

Mfukoni alikuwa na kufuli. Alilitoa, akaliangalia kwa muda. Kisha akaanza kugonga ukuta.

Karibu na adhuhuri umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza, na mshonaji, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa, akasikia: ko, ko, ko.

"Panya gani huyu anayegonga kwa mpango?"

"Si panya. Ni mimi. Komeo."

Hakuwahi kujiita jina hilo hata siku moja.

Mshonaji alitoka mbio kumwita mwashi wa nyumba ya tatu. Mwashi akaupiga ule mlango bega mara mbili, akashika bega lake. "Fundi, mlango huu umemtengenezea nani? Tembo?"

"Usihangaike nao," sauti ilitoka ndani, na hata katika maumivu yale ilikuwa na chembe ya majivuno. "Hauvunjiki."

Ikabidi waingilie ukutani. Mshonaji alihamisha vitambaa, akaifunika cherehani kwa shuka, na mwashi akaanza kazi kwa tindo na nyundo. Tofali la kwanza lilipotoka, kabla hata la pili halijalegea, mkono wa mshonaji ulipenya tunduni na kikombe cha maji. Komeo alikuwa kati ya mapipa manne na tangu asubuhi hakuweza kulifikia hata moja. Akanyoosha mkono, akanywa yote.

Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia wiki nane. Majirani wakapokezana kumletea chakula, jambo lililomtia haya kuliko uchi. Siku moja mshonaji alikaa naye akinywa chai, na Komeo, ambaye hakuwa amemwambia mtu, akamsimulia habari za geti la bondeni.

Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Wale hawakufungua, kweli walikosa. Sasa wewe, Fundi, geti lako unamfungulia nani?"

Komeo aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

Wiki iliyofuata alionekana barabarani na magongo yake, daftari la shule likiwa limechomekwa kiunoni, akibisha hodi nyumba baada ya nyumba. "Jamani, Komeo kajifungua!" mwashi akapiga kelele, na mtaa ukacheka mpaka mwenyewe akacheka. Aliuliza maswali mafupi. Nani ana ngazi? Nani ana toroli? Nani anaishi peke yake? Dawa ya nani inahitaji barafu? Chakula cha ghalani kilichokuwa bado kizima alikigawa kwenye nyumba tano, na wakakubaliana kiliwe na kununuliwa kipya kila baada ya miezi mitatu, wadudu wasipate nafasi. Kisha akamchongea kila mtu ufunguo wa akiba, ukakae kwa jirani ambaye mwenye nyumba amemchagua.

Si wote waliokubali. "Ufunguo wangu nimpe mtu?" alisema mwenye duka. "Labda nikiwa maiti." Komeo alimwelewa vizuri kuliko alivyoweza kueleza. Hakumsukuma.

Jaribio la kwanza la kuitana wakati wa hatari lilikuwa aibu tupu. Walipuliza filimbi ya hatari, na hakutoka mtu. Kila mmoja alidhani ni refa wa mpira uwanjani. Wakabadilisha, wakatundika rimu ya lori ya kugongwa kama kengele.

Mwaka uliofuata mvua ilianza alfajiri, na kufikia saa nne maji yalikuwa magotini. Rimu ikalia. Mshonaji alifungua kwa mwalimu mstaafu, ambaye miguu ilikuwa imekataa, akamkuta ameketi kitandani na mkoba mapajani. "Umechelewa dakika kumi," mwalimu alisema. Walimbeba kwa toroli hadi nyumba ya mwashi, iliyokuwa na ghorofa ya juu ambayo ujenzi wake haujakwisha: sakafu, paa, na madirisha yasiyo na vioo. Watu thelathini walipanda.

Mwenye duka alikuja wa mwisho, maji kiunoni, gunia la sukari kichwani. Alifika chini ya ngazi akasimama, akitazama juu kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Komeo alikuwa mlangoni. Akashuka vidato viwili kwa mguu wake mbovu, akanyoosha mikono kulipokea gunia.

"Panda, bwana. Chai yetu haina sukari."

Walikaa humo siku mbili. Si vyote viliokoka. Cherehani ililowa na ikachukua mwezi kutengenezeka, na kuta za nyumba mbili zilianguka. Lakini watu wote thelathini walishuka kwa miguu yao, isipokuwa mwalimu, aliyeshushwa akitoa maelekezo.

Komeo hakugeuka malaika. Bado ana gunia lake moja la mchele chini ya kitanda ambalo halimo daftarini, na ukimuuliza habari bado atakujibu "nzuri" tu. Ila Jumamosi baada ya mafuriko, mtaa ulipokutana kuzungumzia yaliyowashinda, ni yeye aliyefungua kikao.

"Tuseme ukweli," alisema. "Choo kimoja, watu thelathini, siku mbili."

Alilamba ncha ya penseli, akaandika kwa herufi kubwa: VYOO.