Dada Yangu na Karai la Kokoto

Mwenyekiti wetu alikuwa na hadithi moja akiipenda kuliko watoto wake wa kuzaa. Kila mke mpya akiletwa kwenye chama chetu cha wanawake alikuwa anakalishwa benchi la mbele, anasimuliwa: "Hapa kwetu kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye tamaa. Hakutaka kungoja wenzake. Akajitwika karai la kokoto peke yake na tumbo lake lile, mtoto akatoka mfu. Basi sisi hapa mtu hajitwiki peke yake." Wake wapya wanaguna, wengine wanajishika matumbo. Mimi huku nyuma natafuna ukucha. Huyo mwenye tamaa ni dada yangu wa tumbo moja, na yuko mle mle ndani, karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Hatajwi. Ya nini kumtaja, wakati watu wazima wote wanamjua?

Jambo hili ninalo rohoni tangu nina meno yote. Sasa natafunia upande mmoja, na bado halijamezeka.

Dada alikuwa mpasua kokoto. Mume wake alirudi kutoka kibaruani na kifua kibovu, akawa mtu wa kukaa juani, basi Dada akachukua nyundo. Ukitaka kujua kazi yenyewe, jiwe unalizungushia kipande cha mpira wa baiskeli lisikurukie machoni, unaligonga mpaka linakuwa dogo, halafu lingine, halafu lingine, mpaka jioni mkono unatetemeka hata kijiko hushiki. Kisha kokoto zile unazijaza kwenye karai, unazishusha kwa kichwa hadi barabarani wanakozichukua wajenzi. Watu wakamwita Kokoto. Mimi jina hilo silitumii.

Njia ya mlima wetu ni mbaya, na katikati yake pana jiwe kubwa bapa. Ukifika hapo lazima utue upumue. Kutua ni rahisi. Kazi ni kuinua tena. Karai lililojaa haliendi kichwani mpaka mwenzako ashike upande wa pili. Zamani kila mtu alikuwa na haraka zake, unabaki hapo unapiga ukelele hadi apite mpita njia. Dada ndiye aliyewaambia, "Jamani, hivi tutazeeka hapa. Mwenye mzigo mwepesi awatwike wenye mizito kwanza, yeye aondoke wa mwisho. Kuni zake anaweza kujiinulia."

Chama chote kilianzia hapo, na atakayekwambia kingine mwambie aje kwangu. Kwa kuwa wanangojana, wakawa wanaongea. Kwa kuwa wanaongea, asipoonekana mmoja wanaulizana, wanakwenda kwake. Wakimkuta amejifungua, wanamtekea maji. Wakimkuta na jicho limevimba, wanakwenda wote kukaa barazani kwa mume, kila mtu na maharage yake anachambua, hawasemi neno. Mwanamume mmoja alishindwa hata kutoka kwenda chooni. Alipoona jua linazama alichungulia dirishani akasema, "Mama zangu, nimekosa." Mmoja wetu akamjibu, "Sisi tunachambua maharage tu, baba."

Sasa siku yenyewe. Dada alikuwa na tumbo kubwa, akafika jiweni amechelewa, wenzake wameshashuka. Nyuma yake akatokea mke kijana wa mwalimu mkuu, ndiyo kwanza ameolewa, ana beseni la nguo za kufua. Mzigo mwepesi ni wake, kumtwika Dada ni kazi yake. Dada akamwita. Yule akapita zake.

Dada akangoja, na mvua inakuja, na wajenzi wasingemngoja. Akalipandisha karai gotini, kutoka gotini begani, kutoka begani kichwani. Usiku ule ule mtoto alitoka.

Tulipoulizana, Dada alisema, "Mke wa mwalimu alinipita." Yule mwanamke akala kiapo mbele ya wote kuwa siku ile alipita njia ya juu, jiwe hata hakuliona. Nani aaminiwe, mke wa mwalimu mkuu aliyepaka mafuta mazuri, au mpasua kokoto mwenye vumbi mpaka kwenye kope? Wakasema ni tamaa. Mama mkwe wa Dada akasema hivyo, na mume wake naye, kwa kikohozi chake, akasema hivyo. Yule mke wa mwalimu mdomo wake mtamu, anajua kuongea na wageni, tulipojenga chumba chetu cha matofali akachaguliwa mwenyekiti. Akatafuta la kuwafundishia wake wapya, akaliokota hilo. Macho makavu kama yale sijayaona tena.

Na njia ya kumjibu ilikuwepo. Kwenye chama chetu mwenye shauri na mwenzake anasimama katikati na mzigo wake kichwani, anauliza. Akisimama yeye, tunasimama wote. Hakuna kukaa, hakuna kumtua, mpaka aliyeulizwa ajibu kweli, na akishajibu yeye ndiye anamtua. Inafupisha maneno sana. Mtu mwenye ndoo kichwani hazunguki. Ila mtu anajisimamia mwenyewe, huwezi kumsimamia mwingine. Ningekuwa naweza, ningeshasimama hata na kabati.

"Dada, simama," nilikuwa namwambia kila tukitoka mkutanoni.

"Nikisimama mtoto atarudi?"

"Jina lako litarudi."

"Mdogo wangu, wewe hata usingizini unagombana. Tembea."

Nilikuwa natembea. Nafika kwangu, silali, naamka nafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Dada alianza kupinda mgongo. Nikawa nawaza, huyu atakufa na jina la tamaa, na kaburini kwake Mwenyekiti atasimama wa kwanza kuhutubia.

Halafu akaolewa mjukuu wa Dada, mtoto wa binti yake, hapa hapa mlimani. Akaletwa kwenye chama. Akakalishwa benchi la mbele, na Mwenyekiti akaanza kwa sauti yake ya asali, "Hapa kwetu kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye tamaa." Binti amekulia mbali, kwa baba yake, hajui kitu, maskini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo naye alikuwa mjinga kweli."

Niliinuka, sijui nikafanye nini. Nikaona Dada hayupo mlangoni.

Alirudi na karai. Nje kulikuwa na kokoto tulizoletewa za kujengea choo, alilijaza mwenyewe, na wasichana wawili walikuwa wamemtwika. Akaingia polepole hadi katikati. Mabenchi yakalia, tukasimama wote.

"Siku ile ulipita wapi?" akauliza.

"Mama, tua kwanza, utaumia," Mwenyekiti akasema. "Mambo ya zamani haya."

"Ulipita wapi?"

"Si nilisema? Njia ya juu."

 Dada akabaki amesimama vile vile, shingo imekaza mishipa, vumbi la kokoto linamshukia usoni. Mjukuu akakimbia kushika karai. "Kaa huko, mama," Dada akamwambia. Nilimshika yule binti mkono, nadhani nilimuumiza. Karai likaanza kuyumba. 

"Mtueni jamani, ataanguka," Mwenyekiti akasema. Hakusogea mtu. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Ulipita wapi?"

Mwenyekiti akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunjua. "Nilipita jiweni," akasema. "Uliniita, mwenzangu. Nikajifanya sisikii. Nguo zile zilikuwa nyeupe, za mwalimu, niliogopa vumbi lako. Kesho yake niliposikia habari ya mtoto, nikaogopa zaidi."

Akaja akamtua. 

"Sasa mwambie huyu," Dada akasema, akimwonyesha mjukuu. "Mwanamke huyo ni nani, na mwenye tamaa ni nani." Mwenyekiti akamwambia, kwa jina. Yule binti akaja akapiga magoti akakumbatia miguu ya bibi yake, analia.

Nikasema uenyekiti avuliwe hapo hapo. Dada anajikanda shingo, akaniangalia. "Na wageni ataongea nao nani, wewe na mdomo huo?" Watu wakacheka, wanawake hawa, wakaanza kukaa.

Chai ikaletwa. Mwenyekiti akaja na birika mwenyewe, anainama kwa kila mtu. Dada akapokea kwa mikono miwili, akasema asante. Alipofika kwangu nikafunika kikombe kwa kiganja.