Mashina Tisa ya Chinsaga

Mke wangu alipofikisha mimba ya miezi mitano alisema anataka kwenda kujifungulia kwao Kisii, na mimi nikakataa kabla hajamaliza kusema. Si kwamba nilikuwa na hoja. Nilikuwa na hofu tu. Likizo yangu ya mwaka ilikuwa imekwisha, na ofisi ninayoitengenezea kompyuta isingenipa nyingine. Angeondoka, mtoto wangu wa kwanza ningemwona kwenye simu, kama wanavyowaona wa kwao wanaume wengi hapa Doha, nikimpungia mkono kitoto ambacho hata macho hakijafungua vizuri.

Yeye ni muuguzi, na ni mtu wa kufikiri kwanza ndipo ajibu. Alikaa siku mbili bila kuligusa tena jambo lile. Siku ya tatu, tukinywa chai, akasema, "Sawa, naweza kubaki. Lakini kwetu mama akizaa anapikiwa chinsaga. Mama alipikiwa na nyanya. Dada zangu wamepikiwa na mama. Mimi hapa nitapikiwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Utaitoa wapi?"

"Nitapanda."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilizaliwa Nakuru mjini, na kitu pekee nilichowahi kupanda ni matatu.

Kwa asiyeijua, chinsaga ndiyo mboga ambayo kwenye Kiswahili cha vitabuni huitwa mgagani. Majani yake hutoka matano matano kama vidole, shina lina vinyweleo vya kunatanata, na uchungu wake mgeni hudhani ni kosa la mpishi. Kwetu Wakisii ni mboga ya kurudisha damu. Mzazi hupikiwa chungu chake peke yake, ikalazwa na maziwa usiku kucha, na asipopikiwa watu husema hakupokewa. Nilimkumbusha mke wangu kwamba hospitali ingempa vidonge vya kuongeza damu, tena yeye ndiye anayewagawia wengine. Akanijibu kwamba vidonge anavyo, ila vidonge si mama.

Basi nikapanda. Tunaishi Muaither, katika vila moja kubwa iliyogawanywa vyumba vya kupanga, na juu yake kuna paa tambarare ambalo halikuwa na kazi ila kukaushia nguo. Muuguzi mwenzake mke wangu alikuwa ametoka likizo nyumbani na kikaratasi cha mbegu za chinsaga. Nikatafuta ndoo kumi na mbili za rangi zilizotupwa na mafundi, nikazitoboa chini, nikajaza udongo. Samadi ya mbuzi niliipata kupitia jirani yangu wa chumba cha chini, dereva kutoka Kakamega, ambaye ana rafiki anayechunga katika azba, yale mazizi ya nje ya mji. Maji nilikinga yale yanayodondoka kutoka viyoyozi vya nyumba nzima. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika, nikaongeza na mbolea ile nyeupe ya punje, konzi mbili kila ndoo.

Loo, ziliota. Sijui niseme nini zaidi. Asubuhi ya siku ya tano nilipanda ngazi na mswaki mdomoni nikakuta ndoo zote zimekuwa kijani, na nikashuka mbio kumwamsha mke wangu aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Hakufurahia kuamshwa. Baada ya wiki nne nilikuwa na msitu. Majani mapana, mashina marefu yanayoegemeana, na kadiri nilivyochuma ndivyo yalivyozidi. Dereva alichukua mafungu matatu, akawaambia wenzake, na Ijumaa iliyofuata watu walikuja kutoka mtaa wa Najma na mifuko mikononi. Mmoja alitoka Al Wakrah, mji mwingine kabisa. Wakaanza kuniita Mkulima. Nami nikaitikia, tena kwa sauti, maana sifa ni kitu kitamu na mimi sijawahi kujifanya siipendi.

Katika furaha ile yote nilisahau kwamba mtu mmoja alikuwa bado hajaonja. Mke wangu alikuwa kwenye zamu mfululizo. Alipopata nafasi nilimpikia sufuria nzima, nikailaza na maziwa, nikampakulia, nikasimama kando mikono kiunoni kama mwenye hoteli.

Alikula kijiko kimoja. Akatafuna polepole. Akaweka kijiko chini.

"Hii ni nini?"

"Si ni chinsaga."

"Baba, hii ni maji ya kijani."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amejiandaa kuipenda na ikamshinda. Aliinuka akafunika sufuria, akakaa kitandani na simu, na nilipopita nyuma yake nikaona anatazama tiketi za Nairobi. Bila kugeuka akasema, "Ndege zitanikubali mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo hawabebi mtu mwenye tumbo kama langu." Ilikuwa katikati ya Oktoba.

Hapo nilifanya kitu ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo, ila haya ilinizuia. Mtu pekee niliyemjua anayeipanda mboga ile vilivyo ni mama mkwe wangu. Lakini kwetu mwanaume na mama mkwe hawana mazungumzo ya hivi hivi. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, mnaulizana hali ya mvua, basi. Sasa nimpigie simu nimuulize habari za chakula cha mzazi, jambo la wanawake na jiko, tena kuhusu mwanawe? Afadhali ningeuliza mtandao, na ndivyo nilivyofanya, na mtandao ukanishauri mbolea ya punje. Haya yangu ndiyo iliyopanda ule msitu.

Nilimpigia nikiwa nimesimama paani. Nilisimama wima kabisa, shati limechomekwa, kana kwamba ananiona. Tukasalimiana. Tukaulizana mvua, yake ilikuwa nyingi, yangu haikuwepo. Kisha akaniokoa.

"Baba, kuna jambo?"

"Mama, ni ile mboga ya mzazi. Ninapanda hapa, lakini haina uchungu."

Nikadhani nimevunja adabu na mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Umepanda miche mingapi?"

"Ndoo kumi na mbili, Mama. Sikuhesabu mashina."

"Na umeweka mbolea ya dukani."

"Nimeweka."

"Na maji kila siku."

"Mara mbili."

Nikasikia akipumua. "Hiyo umepandia soko. Soko linataka fungu kubwa. Chinsaga ya mzazi haipandwi kwa gunia, inapandwa kwa chungu. Hesabu mzazi ni mmoja, uache mashina yake tisa tu. Hayo mengine ng'oa."

Kisha akanifundisha, na sauti yake ikawa haina tena ile haya, wala yangu haikuwa nayo. Samadi kidogo, iliyokaa na kuoza. Dukani nisirudi. Maji mara moja, asubuhi, na siku mbili kabla ya kuchuma nisimwagilie kabisa. Ua likichungulia nilikate kwa ukucha kabla halijafunguka, maana mboga ikishaanza kufikiria mbegu inasahau majani. Nilimwambia asante mara nyingi kupita kiasi. Alipokata simu nilikuwa nimelowa jasho, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Nikamwaga udongo wote wa zamani, nikaanza upya na ndoo tatu. Miche ilipotokeza ilikuwa mingi kama mwanzo, ikichipuka kwa bidii, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kung'oa ni kazi ngumu kuliko kupanda. Kila mche ulikuwa mzima. Hakuna hata mmoja uliokuwa na kosa. Dereva alipanda akanikuta nimechutama, na kifungu cha miche pembeni kinanyauka.

"Buda, unafanya nini? Unang'oa chakula?"

"Nabakisha tisa."

"Tisa! Na wale wasee wa Najma nitawaambia nini? Washazoea."

"Waambie Mkulima amestaafu."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akashuka. Wiki ile watu wawili walipiga simu, na mmoja alinuna kabisa, akasema siku hizi nimekuwa mchoyo. Iliniuma, sisemi uongo. Nilikuwa nimezoea kugongewa mlango. Lakini kila niliposhawishika kurusha mbegu chache katika ndoo ya nne, nilikumbuka kile kijiko alichokiweka chini, nikauacha mkono wangu mfukoni.

Tisa zile nilizijua moja moja. Kabla ya kazi nilikuwa paani, baada ya kazi nilikuwa paani. Zilikuwa fupi, nene shinani, majani yake madogo na ya kijani kilichokolea hasa, na ukiligusa moja harufu ilikaa kwenye vidole mpaka ofisini. Mhindi tunayekaa naye meza moja kazini aliuliza kama nimebadilisha manukato. Siku moja upepo wa vumbi ulivuma kutwa nzima, nikarudi nikakuta mbili zimevunjika shingoni, na nilikaa chini pale paani nikataka kulia kwa ajili ya mboga mbili. Zikabaki saba. Nilizizungushia turubai na nikaendelea kukata maua kwa ukucha.

Mke wangu hakuwa akipanda ngazi tena kwa sababu ya miguu kuvimba. Hakuuliza chochote kuhusu mboga, nami sikusema. Ila juma la tatu la Novemba aliniambia ameshikilia nafasi ya ndege ya Jumanne, na anatakiwa aithibitishe kabla ya Jumapili. Aliniambia kwa upole, kama anavyoongea na wagonjwa. Nikasema sawa. Kesho yake asubuhi sikuimwagilia mboga, wala siku iliyofuata.

Ijumaa nilichuma. Kutoka mashina saba nilipata konzi moja, majani machanga ya juu tu, nikachambua jani baada ya jani. Nilichemsha katika sufuria ndogo kuliko zote, nikamwaga maji, nikatia maziwa, nikailaza. Jumamosi asubuhi nikaipasha na nikamwekea mezani katika kikombe cha chai, maana bakuli lingeiaibisha. Simu yake ilikuwa pale pembeni, ukurasa wa tiketi umefunguka.

Alionja. Uso wake ukajikunja wote, jicho moja likafumba. Nikaanza kueleza habari za upepo na zile mbili zilizovunjika, naye akainua mkono kuninyamazisha. Akachota tena. Akala mpaka kikombe kikatoa sauti ya kijiko chini, kisha akakaa akikitazama ndani.

"Zimebaki ngapi huko juu?"

"Mashina saba."

"Usichume tena," akasema. "Zitunze mpaka mtoto aje."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Nilipoelewa alikuwa tayari ameshaufunga ule ukurasa wa tiketi na anatafuta viatu vyake, na mimi nilikuwa nimesimama jikoni nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilitoka nikamkumbatia dereva uani, naye hakujua ni kwa nini, akaniuliza kama ile mboga imerudi sokoni.

Mtoto alikuja wiki ya mwisho ya Desemba. Nilikuwepo. Nilimshika kabla hajafutwa vizuri, msichana mwenye hasira, na sitaki kujaribu kueleza zaidi ya hapo kwa sababu kila nikijaribu naharibu. Walipotoka hospitali nilikuwa nimeshachuma kila jani lililokuwepo. Sufuria ilijaa nusu. Nilimpelekea kitandani, nikamchukua mtoto ili mikono yake iwe huru, nikaenda dirishani kumwonyesha binti yangu gari za watu.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, na sufuria tupu juu ya mapaja. Alikuwa amepangusa hadi pembeni kwa ugali. Hakuomba radhi.

Jioni mama mkwe alipiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu nioe akaomba azungumze na mimi kwanza. Alimuulizia mtoto, aliulizia mzazi, kisha akauliza ile mboga ilitoka namna gani, uchungu wake ulikuwaje.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sikuonja. Hakunibakizia hata tone."

Nikasikia kuku wake wakilia huko nyuma.

"Basi," akasema, "huyo amezalia nyumbani."

Nilimpa mke wangu simu, nikachukua sufuria nikaenda kuiosha.