Mbao Fupi za Madamu

Watu wakizungumzia Wabelgiji hapa Kasongo, utasikia habari za pamba, za fimbo na za gereza. Mimi nina hasira ya kitu kingine, na wenzangu wakiisikia hucheka mpaka wakashika mbavu. Hasira yangu ni ya mbao mbili fupi za kutelezea juu ya maji. Wacheke. Aliyekokotwa kwenye mto Lualaba akameza maji na mchanga ni mimi, si wao.

Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina mke na watoto wawili, na kwa miaka saba nilikuwa naendesha motoboti ya mzungu mmoja wa pamba. Sisi tulimwita Bwana, basi. Kila wiki nilimpeleka kukagua vituo vya pamba vya ukingoni. Mama yangu alikuwa Mgenya, na Wagenya ni watu wa mto. Baba alitoka upande wa Kabambare, na kwake sikurithi lolote la maji. Mto nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu yake mama. Nilijua mchanga umehamia wapi baada ya mvua, mawe yamelala wapi, na mamba huota jua kwenye kisiwa kipi.

Lakini katika buku yangu ya kazi, ile ambayo kila mfanyakazi wa mzungu alitakiwa kuwa nayo, kazi yangu iliandikwa kwa neno moja tu: boi. Boi, sawa na yule aliyekuwa akipiga pasi nguo za ndani za Bwana. Na kwa neno hilo stima za Kindu, nilikotamani kazi ya kuendesha, hazikunitaka. Nilikwenda mwenyewe kuuliza. Karani wa pale aliniambia bila kuinua macho kwamba anataka buku inayosema dereva, yenye sahihi ya mzungu. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri sahihi. Mke wangu naye alikuwa anasubiri, na kila nikirudi nyumbani aliniuliza kama Bwana ameandika.

Ndipo Madamu, mke wa Bwana, akarudi kutoka likizo Ulaya na mbao zake. Zile ndefu za kukokotwa kwa kamba moja kwa moja nyuma ya mashua alikuwa anazijua tayari. Safari hii alileta fupi, pana, ambazo chini hazina pezi la kuzishika kwenye maji. Hizo ni za michezo. Mtu anateleza ubavu, anageuka akaenda kinyumenyume, na aliye hodari anazunguka mzima. Madamu alileta pia kitabu chenye picha za namna ya kufanya. Mwalimu hakuleta.

Bwana akaniita ukingoni. "Weye iko mutu ya maji," akaniambia. "Utajaribu mbele. Madamu ataangalia kutoka mashua. Akiisha kuona, naye atafanya."

Nikamuuliza habari ya buku yangu.

"Ukijua mpaka kugeuka mugongo, nitaandika dereva."

Alisema hivyo kwa kinywa chake, na Madamu amesimama hapo anasikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nikainama. Sababu ya pili ya kunitanguliza majini niliijua baadaye, nilipomsikia Madamu akimwambia mgeni wake kwa Kifaransa kwamba haogopi mamba, kwa kuwa boi huingia kwanza. Waliongea mbele yangu kama watu wanavyoongea mbele ya kiti. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri miaka mitatu, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninasikia Kifaransa.

Somo la kwanza lilikuwa mchangani. Nilikaa chini nimevaa mbao, magoti yamegusa kifua, mikono imenyooka, nimeshika kijiti kilichofungwa kwenye kamba. Bwana akavuta kamba mpaka niinuke bila kukunja mikono. Wapagazi wa pamba waliweka mizigo chini ili watazame vizuri. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, mtu mwenye ndevu, nakaa na kuinuka kwenye mchanga.

Majini mambo yakawa mabaya zaidi. Kwanza, aliyeshika usukani alikuwa Bwana. Kuwasha injini aliniachia mimi siku zote, maana ilikuwa na tabia zake na yeye hakuwa na subira ya kujifunza tabia za mtu yeyote, sembuse injini. Mimi nawasha, nampa usukani, naruka. Yeye anaongeza moto ghafla, anapunguza ghafla, anageuka kumwangalia mkewe kama anacheka. Ukiwa juu ya mbao zisizo na pezi, kila mshtuko wa mashua unakupitia miguuni, na mbao zinakukimbia upande mmoja kama sabuni kwenye sakafu yenye maji.

Pili, sikuweza kuacha kamba. Mjomba alitufundisha tangu utotoni, "Kamba ya mutumbwi, hata ukufe, usiiache." Mtumbwi ukienda na maji, nyavu zimekwenda, na pengine mtoto aliyelala ndani amekwenda. Anayeachia kamba kwetu haaminiwi tena. Basi nilipoanguka, mikono yangu ilikaza. Mashua ikanikokota chini ya maji, maji yakaniingia puani, macho yakajaa mchanga, nami nimekaza tu. Nilisikia kwa mbali Bwana akipiga kelele, "Achilia kamba, mujinga." Nilijua anasema nini. Vidole ndivyo havikukubali.

Nilianguka hivyo siku nne, na siku nne Madamu alicheka. Siku ya tano nilifunga kamba kwenye kijiti nyumbani kwangu, nikamwomba mke wangu avute upande wa pili. Alikita miguu chini, akavuta kwelikweli, maana ni mwanamke wa kulima. Kila aliposema "acha," mimi nilitakiwa kufungua vidole. Mara ya kwanza nilimvuta yeye mpaka akanijia kifuani. Watoto walifurahi. Yeye hakucheka.

"Baba ya watoto," akasema, "hii kazi iko ndani ya buku?"

"Itaingia."

"Basi acha kamba," akasema, akaanza kuvuta tena.

Nikajua kuacha. Baada ya hapo nilijifunza haraka, na hapa nitasema ukweli hata kama unaiharibu hasira yangu: niliupenda mchezo ule. Nilijifunza kukaa na magoti laini na kuuweka uzito katikati ya nyayo, kama tunavyosimama kwenye mtumbwi tukisukuma kwa upondo. Nilijifunza kuzigeuza mbao ubavu, upande huu, upande ule, huku kijiti kikiwa karibu na kiuno. Mwendo wenyewe ni wa polepole. Anayetaka kwenda kasi avae zile ndefu.

Kugeuka mgongo kulinichukua majuma mengi. Unavuta kijiti mpaka kiunoni, unageuza kichwa kwanza, mwili unafuata kichwa, mkono mmoja unaachia, halafu unakitafuta kijiti nyuma yako na kukishika kwa mikono miwili pale juu ya makalio. Ukichungulia miguu yako, umeanguka. Ukinyoosha magoti, umeanguka. Madamu alikaa nyuma ya mashua na kitabu chake, ananisomea makosa yangu.

Siku moja nikageuka, nikabaki nimesimama. Ukiwa kinyumenyume, mashua iko nyuma yako. Sikumwona Bwana wala Madamu wala kitabu. Niliuona mto peke yake na maji yaliyotoka chini ya mbao zangu yakinifungukia mbele, meupe. Nilisikia raha mpaka nikaona aibu. Nilikaa hivyo mpaka Bwana alipokata kona bila kuniambia.

Halafu ikawa zamu ya Madamu, na usukani nikashika mimi. Yeye alijifunza kwa siku chache. Siwezi kusema hakuwa na mwili mwepesi, alikuwa nao. Lakini mimi niliishika mashua kwenye mwendo mmoja, sikuongeza wala sikupunguza, nikaipitisha pale maji yanapolala kimya, na kabla hajaanza kugeuka nilikuwa nimekwisha kunyoosha njia. Laiti mimi ningekuwa na dereva kama mimi.

Sikukuu yao ikafika, wageni wakaja na viti vyao ukingoni: msimamizi wa teritware, yaani mkuu wa wilaya, daktari, mapadri wawili, wazungu wa pamba na wake zao. Madamu akaingia majini. Nikamvuta. Nitasema na hili pia. Mkono wangu ulikuwa kwenye kipini cha kuongeza moto wa injini, na nilijua kwamba nikipunguza kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, atakwenda chini mbele ya wote, na hakuna atakayejua sababu. Nililiwaza hilo. Kisha nikawaza kwamba wakiona mashua imeyumba watasema mweusi hajui kuendesha, na buku yangu itakwenda na maji. Nikanyoosha mashua. Madamu akageuka mgongo, akainua mkono mmoja, wakampigia makofi.

Tulipofika ukingoni daktari alimuuliza ni nani aliyemfundisha. "Kitabu tu," akajibu Madamu. Bwana akasema ndiyo, kitabu tu, na bidii yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama na maji magotini, nimeushika ubavu wa mashua ili yeye ashuke bila kulowa mara ya pili.

Kesho yake nilipeleka buku. Bwana aliandika bila kukawia, akapiga sahihi, akanirudishia. Nilitoka nje, nikasoma. Ilikuwa kwa Kifaransa, na maana yake hii: Boi wa mashua. Mtiifu. Anajua kuogelea.

Nikasoma tena. Kumwandikia mwana wa Mgenya kwamba anajua kuogelea ni kumwandikia mwalimu kwamba anajua kuhesabu mpaka kumi. Nikarudi ndani.

"Bwana, ulisema dereva."

"Dereva ni mutu iko na diplome," akajibu. "Na mashua iko yangu. Miye ndiyo dereva." Halafu, kwa sauti nzuri kabisa, akaniambia niwe tayari Jumatatu, kwa sababu Madamu anataka kuona mzunguko mzima, ule wa kupitisha kijiti nyuma ya mgongo na kurudi mbele.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Iko dereva?" Nikamwambia hapana. Aliendelea kusonga ugali, na aliponiwekea sahani hakunitazama usoni. Siku ile nilimkasirikia hata yeye, bure.

Hasira hasara, wanasema. Jumatatu niliwaendesha mpaka katikati ya mto, mahali pana kuliko pote, nikazima injini. Madamu alikuwa amefungua kitabu kwenye picha ya mzunguko. Bwana alinisogezea mbao kwa mguu.

"Vaa," akasema.

"Bwana, buku inasema miye najua kuogelea," nikamjibu. "Ile ndiyo nitafanya."

Nikaingia majini bila mbao, nikaanza kwenda ukingoni. Sikuharakisha. Nyuma yangu nilimsikia akivuta kamba ya injini, akivuta tena, na Madamu akiuliza kitu kwa sauti nyembamba. Lualaba haisubiri mtu, ikawachukua. Waliteremka mpaka kwenye kisiwa cha mchanga, wakakwama, na ikawa alasiri kabla wavuvi hawajawafikia. Wavuvi waliwarudisha kwa makafi, wanapumzika kila walipotaka, na jua lilikuwa limewaunguza wote wawili.

Nilifungwa siku saba kwa kuacha kazi, nikakata majani kuzunguka ofisi ya teritware nimevaa fulana ya mistari ya wafungwa. Nilipotoka walinipa buku yangu na mstari mpya ndani: Mkaidi, asipewe kazi ya mtoni. Stima za Kindu ziliishia hapo. Nililima mpunga kule Wamaza, kwa ndugu za baba, mpaka Wabelgiji walipoondoka, na hata baada ya hapo.

Watoto wangu hupenda kisa hiki. Hupenda pale Bwana anapovuta kamba ya injini, huniomba nirudie. Wanadhani mwisho wake ni ushindi, na mimi huwaachia. Sijawahi kuwaambia nilichokuwa nikikiwaza wakati naogelea. Sikuwa nawaza buku, wala gereza, wala mamba. Nilikuwa nawaza ule mzunguko mzima. Niliiona picha kabla sijazima injini, na mwili wangu ulikwisha kuielewa: kichwa kwanza, kijiti kiunoni, mkono wa kushoto nyuma. Ningeuweza. Ningeuweza siku ileile, hata Bwana akiwa kwenye usukani, na watu wale walinifanya niuache.